Mlenda wa Haneti na Njia ya Uchina

Haneti iko kaskazini ya mji wa Dodoma, katika wilaya ya Chamwino, mahali ambapo vilima vya mawe husimama katikati ya tambarare ya mibuyu na miiba. Wachimbaji wa vito wanaijua kwa jiwe la kijani linalochimbwa huko tangu miaka ya 1980, jiwe linalopata rangi yake kutokana na nikeli. Wengine wengi hawaijui kabisa. Mvua ya nchi hiyo ni ya msimu mmoja. Huanza Novemba au Disemba ikakatika Aprili, na mwaka ukiwa mbaya hukatika Februari. Katika miezi hiyo michache wanawake huchuma majani ya mlenda, porini na pembezoni mwa mashamba, wakayaanika mpaka yakakauka, wakayatwanga kinuni. Unga wake, wenye rangi ya kijani iliyofifia, hutiwa kibuyuni au chunguni kungojea miezi saba au minane isiyokuwa na jani bichi.

Mapishi yake hayana makuu. Maji huchemshwa, hutiwa magadi kidogo, kisha unga wa mlenda humiminwa huku ukipekechwa. Mwenye karanga huzitwanga akaziongeza, mwenye nyanya vivyo hivyo. Huliwa kwa ugali wa uwele au wa mtama, tonge likivuta uzi mrefu kutoka bakulini hadi mdomoni. Mgeni wa pwani aliyezoea tui huutazama uzi huo kwa mashaka. Aliyelelewa nao akiukosa mwezi mmoja hujihisi kama mtu ambaye hajala, ijapokuwa ameshiba.

Habari inayosimuliwa hapa ni ya watu wa Afrika ya Mashariki waliokwenda kukaa Uchina, na ya vitu vidogo walivyovikosa huko. Imeanzia Haneti, wala si Forodhani, kwa sababu moja: katika suala la kuchukua chakula cha kwao na kwenda nacho mbali, watu wa nyanda kavu wana elimu ambayo watu wa visiwani hawakuwa na haja ya kujifunza. Ni elimu ya kukausha. Unguja na Pemba zimejaaliwa neema ya vitu vibichi, na vitu vibichi havisafiri. Tui likilala huchacha. Samaki wa jana si samaki wa leo. Ndizi mkono wa tembo haifiki Dar es Salaam bila ya kubonyea, sembuse Beijing. Ni kweli kwamba visiwani kuna papa na ng'onda, na kila aliyewahi kusafiri na papa ndani ya sanduku la nguo anajua kwa nini hakusafiri naye mara ya pili.

Elimu ya kukausha haikutokana na utaalamu wa mapishi. Ilitokana na njaa. Wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza, majeshi ya Wajerumani na kisha ya Waingereza yalipita Ugogo yakichukua ng'ombe, nafaka na vijana wa kubeba mizigo. Baadaye mvua ikakosekana. Njaa iliyofuata, kuanzia 1917 hadi 1920, Wagogo waliipa jina la Mtunya. Wanahistoria wanakadiria kwamba watu 30,000 walikufa katika nchi iliyokuwa na watu kama 150,000, yaani mmoja katika kila watano. Mwaka ule ule wa 1917 alizaliwa huko Ihumwa, mashariki ya Dodoma, Mathias Mnyampala. Washairi wanamkumbuka kwa ngonjera, na wengi wao husahau kwamba mtu huyo huyo aliandika historia na mila za Wagogo, kitabu kilichotoka mwaka 1954. Aliyezaliwa katika Mtunya alikuwa na sababu ya kuandika yale ambayo wazee wake walikuwa wakiyahifadhi vibuyuni. Mlenda uliosagwa, majani ya kunde yaliyoanikwa na ubuyu wa porini ndivyo vitu vilivyobaki mikononi mwa watu wakati ghala za nafaka zilipokuwa tupu.

Uchina nayo ina kumbukumbu zake juu ya wageni na chakula chao, na mojawapo ya zile kongwe haifurahishi kuisoma. Mwaka 1119 alitokea mwandishi aitwaye Zhu Yu, ambaye baba yake alikuwa amefanya kazi ya serikali katika bandari ya Guangzhou, akaandika kitabu cha mambo aliyoyaona na kuyasikia. Humo anaeleza kwamba matajiri wa Guangzhou walikuwa na watumwa weusi wenye nywele za kipilipili, waliotoka ng'ambo ya bahari. Anasema kwamba watu hao kwao walikula vitu vibichi, na walipotekwa na kulishwa chakula kilichopikwa waliharisha kwa siku kadhaa. Wachina waliita hali hiyo kubadilisha utumbo. Wako waliokufa kwayo. Waliosalimika ndio waliofaa kufugwa, kwa neno lake mwenyewe, na wakikaa sana waliweza kuyaelewa maneno ya watu lakini wao wenyewe wasiweze kuyasema.

Wataalamu hawajakubaliana kama watu hao walitoka pwani ya Zanj au visiwa vya kusini mashariki ya Asia; huenda walitoka kote kuwili, kwani mfanyabiashara wa watumwa hakujali sana ramani. Ama lile la kula vibichi, msomaji wa Afrika ya Mashariki ana haki ya kulitilia shaka. Hakuna kabila la pwani wala la bara lililokuwa halijui moto katika karne ya 12. Kilichoonekana na Zhu Yu ni watu waliotolewa katika chakula chao kwa siku moja, wakatiwa katika chakula kingine bila ya kuulizwa, na miili yao ikakataa. Kuwaita wala vibichi ilikuwa njia nyepesi ya kueleza maradhi bila ya kumtaja aliyeyasababisha.

Karne tatu baadaye mambo yalikwenda kwa heshima zaidi. Mwaka 1415 twiga kutoka Malindi alifikishwa mbele ya mfalme Yongle, na wajumbe waliofuatana naye wakarejeshwa kwao na merikebu za Zheng He katika safari iliyoanza mwaka 1417. Twiga walioletwa miaka ile walitungiwa mashairi ya sifa. Juu ya wajumbe, na juu ya walichokila katika miaka ile miwili, waandishi wa ufalme hawakuona haja ya kuandika.

Kisha ni kimya kirefu, mpaka miaka ya mwisho ya 1950 na mwanzo wa 1960, pale Uchina ilipoanza kuwaalika vijana wa nchi zilizokuwa zikidai uhuru. Zanzibar ilikuwa miongoni mwa za mwanzo kupeleka wanafunzi, hata kabla haijapata uhuru wake. Mwaka 1961 Radio Peking ilianza idhaa ya Kiswahili, na sauti za Kiswahili zikawa zinatoka Beijing na kusikika Afrika ya Mashariki usiku kwa usiku. Sauti ilisafiri bure. Kifurushi cha kutoka nyumbani kilichukua miezi, kama kilifika.

Vijana hao waliingia Uchina wakati mbaya kuliko walivyoambiwa. Kati ya 1959 na 1961 nchi hiyo ilipita katika njaa iliyoua mamilioni ya watu, wengi wao wakulima vijijini. Chakula, nguo na sigara vilitolewa kwa kibali. Wanafunzi wa kigeni walipewa posho kubwa kuliko wenzao Wachina na walikula katika bwalo lao la peke yao, jambo lililowafanya waonewe kijicho na wakati huo huo watengwe. Emmanuel Hevi, Mghana aliyesoma Beijing katika siku hizo, aliandika kitabu juu ya maisha yao kilichotoka mwaka 1963. Kwa hesabu yake, katika Waafrika 118 waliokuwa masomoni Uchina mwaka 1961 na 1962, 96 waliondoka au walikuwa mbioni kuondoka kabla ya kumaliza. Kitabu hicho kilipokewa kwa furaha na wapinzani wa Uchina katika vita baridi, na kwa hiyo kimesomwa kwa tahadhari. Hata hivyo malalamiko yake mengi si ya siasa kubwa. Ni ya upweke, ya lugha ngumu, na ya kukosa pa kwenda jioni.

Kisa mashuhuri kuliko vyote katika habari hizo kinamhusu Mzanzibari. Mwezi Machi 1962, mwanafunzi kutoka Zanzibar aliingia katika hoteli moja ya Beijing akitaka kununua sigara. Pakatokea ubishi baina yake na wahudumu, na mwisho wake akapigwa. Habari zilipowafikia wanafunzi wenzake wa Kiafrika, ziliwaunganisha kuliko mkutano wowote, na kwa wengi lile likawa jambo la mwisho walilolivumilia. Waandishi wa historia hukitaja kisa hiki wanapozungumzia ubaguzi, nao hawakosei. Lakini lipo pia lile lililomtoa kijana bwenini: sigara. Mtu aliyekwisha kukosa tui, chai ya mkandaa na mazungumzo ya baraza ana haki ya kutaka angalau moshi. Anapopigwa kwa ajili yake, anaelewa kwamba hapo alipo hata kitu kidogo kabisa hakimo mikononi mwake.

Inafaa mlinganyo huu ugeuzwe, kwa maana Wachina nao walikuja kukaa mbali na kwao. Mkataba wa reli ya TAZARA ulitiwa saini Beijing mwezi Septemba 1967. Ujenzi ulianza 1970, na reli ya kilomita 1,860 kutoka Dar es Salaam hadi Kapiri Mposhi ilikabidhiwa mwaka 1976. Haipiti Dodoma, ambayo ina reli yake ya Kati tangu enzi za Wajerumani. Maelfu kwa maelfu ya Wachina walifanya kazi katika reli hiyo, na zaidi ya 60 wamezikwa nje kidogo ya Dar es Salaam. Kila walipopiga kambi walilima bustani. Walipanda mboga za kwao, wakazimwagilia, wakala wali wao na majani waliyoyajua tangu utotoni huku wakitoboa milima ya Udzungwa. Leo katika masoko ya Tanzania, ya Dodoma yakiwemo, muuza mboga hutandaza fungu la majani mapana aliloliita chainizi, na mnunuzi hajiulizi tena jina hilo limetoka wapi.

Wakati huo huo, kati ya 1972 na 1975, Watanzania na Wazambia wapatao 200 walikuwa Beijing wakisomea uhandisi na uendeshaji wa reli. Hao hawakupewa bustani. Tofauti ya hali hizo mbili ni kubwa kuliko inavyodhaniwa. Fundi aliyepewa kipande cha ardhi hupanda kwao pale alipo, baada ya wiki sita akavuna. Mwanafunzi ana kitanda, kabati na sanduku. Anachoweza kula cha kwao ni kile tu kilichoingia sandukuni, na kile tu kinachovumilia safari. Hapo ndipo elimu ya Ugogo ilipokuwa na thamani, ingawa hakuna aliyeihesabu kuwa ni elimu.

Njia ya kutoka nyanda za kati kwenda Uchina ilipanuka katika karne hii. Chuo Kikuu cha Dodoma kilianza mwaka 2007, na mwaka 2013 ikafunguliwa humo Taasisi ya Confucius ya kufundisha Kichina, kwa ushirikiano na chuo cha mji wa Zhengzhou, jimbo la Henan. Binti wa Haneti anaweza sasa kujifunza herufi za Kichina mwendo wa basi moja tu kutoka kijijini kwao, akapata ufadhili, akatua katika mji ambao Januari maji huganda.

Henan ni nchi ya ngano. Hula tambi nene za mchuzi wa kondoo na mikate meupe ya kupikwa kwa mvuke, isiyo na chumvi wala sukari. Unga wa mahindi unapatikana, maana kaskazini ya Uchina mahindi yalikuwa chakula cha maskini, lakini ni wa manjano. Wazee wa Tanzania wanaujua ugali wa rangi hiyo. Ulipoletwa kama msaada miaka ya njaa waliubandika jina la unga wa Yanga, na hawakuupenda. Kijana aliyesimuliwa habari za unga huo na bibi yake anaupika Zhengzhou kwa hiari, akamshukuru Mungu. Mabweni mengi hayaruhusu jiko chumbani, basi hupikwa kwa kujificha, mlango umefungwa na dirisha limefunguliwa. Mlenda hapa unamfaa mpishi mwizi: unataka maji ya moto, ambayo hayakosekani katika jengo lolote la Uchina, na dakika chache.

Wako waliogundua kwamba Wachina wana mboga iitwayo mu'ercai, yenye majani manene ya utelezi, na kwamba bamia siku hizi inauzwa katika miji mingi. Vyote viwili huvuta uzi. Havina ladha ya vumbi la jua, ambayo ndiyo ladha yenyewe.

Ama mtama, habari yake ni ya ajabu. Mtama ni mmea wa Afrika. Ulianza kulimwa maelfu ya miaka iliyopita katika nchi za Sudani, ukavuka bahari hadi Bara Hindi, na hatimaye ukafika Uchina, ambako huitwa gaoliang. Kwa karne nyingi ulikuwa tegemeo la wakulima wa kaskazini na kaskazini mashariki. Mo Yan, aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2012, aliufanya shamba na kivuli cha riwaya yake mashuhuri ya mtama mwekundu, ambayo filamu yake ilitoka mwaka 1987. Mfasiri akikutana na neno gaoliang ataandika mtama, wala hatakuwa na kosa. Lakini siku hizi Mchina wa mjini hali mtama. Anaunywa. Sehemu kubwa ya mtama unaotumiwa na watu huko huishia katika vileo vikali, na kinywaji cha Maotai, kinachotolewa mbele ya marais, hutengenezwa kwa mtama huo. Mtu wa Haneti anayeutafuta mtama wa ugali katika duka la Zhengzhou huenda akaupata ndani ya chupa ya kauri, kwa bei ya mbuzi. Asistaajabu kupita kiasi, kwa sababu kwao nako mtama hugeuzwa pombe; ila kwao hakuna aliyesahau kwamba kwanza ni chakula. Uwele, kwa upande wake, hauonekani kabisa. Kile Wachina wanachokiita mchele mdogo ni nafaka nyingine, ya punje za manjano, itokayo kwao wenyewe.

Jaribio kubwa kuliko yote lilikuja mwaka 2020. Mji wa Wuhan ulifungwa tarehe 23 Januari, na haukufunguliwa mpaka tarehe 8 Aprili. Mamia ya wanafunzi wa Kitanzania walikuwa ndani yake. Chakula kililetwa kwenye mabweni. Hawakuachwa na njaa. Lakini vyumbani mle, kwa siku 76, kilichokuwemo kabatini kilikuwa ndicho hicho tu. Tarehe 28 Machi mwaka huo Uchina iliufunga mpaka wake kwa wageni wengi, wanafunzi wakiwemo, na ruhusa ya kurudi masomoni haikuanza tena mpaka Agosti 2022. Kwa zaidi ya miaka miwili karibu hakuna sanduku la mwanafunzi lililotoka Afrika ya Mashariki likafika huko. Maduka ya Guangzhou, katika mtaa wa Xiaobei, ambako wafanyabiashara wa Kiafrika walizoea kupata unga na viungo vya kwao, yalipungukiwa na wateja, na mwezi Aprili 2020 Waafrika kadhaa wa mji huo walitolewa katika nyumba walizopanga kwa kisingizio cha maradhi. Mwenye kibuyu cha mlenda kilichojaa, kama alikuwako, alikuwa na utajiri usiotajika.

Visiwani nako lipo funzo dogo katika ubuyu. Tunda ni la mibuyu ya nchi kavu za bara, Dodoma ikiwemo. Unguja imelitia sukari, iliki na rangi nyekundu, ikalifanya lake, na leo pakiti ya ubuyu wa Zanzibar inavuka bahari ndani ya mkoba wa kila mwanafunzi aendaye Uchina, awe wa Haneti au wa Makunduchi. Hakioshwi, hakipikwi, hakichachi, wala hakinuki. Wachina wa bwenini hupewa waonje. Hukunja uso kwa ule uchachu, kisha huomba tena.

Sheria ya forodha ya Uchina haimruhusu msafiri kuingiza matunda na mboga mbichi, wala nyama. Unga wa kijani usiokuwa na jina, uliofungwa katika mfuko wa nailoni na kuvingirishwa ndani ya kitenge, ni jambo jingine: afisa anaweza kuupitisha, na anaweza kuutupa. Wachina wenyewe wana ustadi mkubwa wa kuanika majani ya haradali na mboga nyingine kwa ajili ya majira ya baridi, na vijijini kwao kila bibi ana mtungi wake. Wanaviita gancai, yaani mboga kavu. Herufi mbili, zinazofundishwa mapema. Mama wa Haneti anapoukaza uzi wa mfuko, binti yake huandika herufi hizo mbili kwa kalamu ya wino juu ya karatasi na kuibandika ubavuni, kisha huuliza kama unga huo utatosha mpaka Juni.